Kitambaa Ndani ya Spika

Spika isiyo na umeme haina kazi nyingine ila kukaa kimya. Besi alilijua hilo tangu hajaota ndevu, na ndiyo maana jioni ile, alipokuwa akikusanya vifaa vyake na kuegemeza mkono juu ya sabufa mpya ya pikapu, akahisi kikombe cheusi cha spika kikipanda na kushuka chini ya kiganja chake, hakuogopa. Alikasirika. Alidhani amesahau kuzima mtambo. Akainama kuchungulia chini ya kiti, akaona waya wa betri umelala pembeni, pale pale alipouweka mwenyewe robo saa iliyopita. Akarudisha kiganja. Kikombe kilipanda, kikatulia, kikashuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Tena kilikuwa na joto.

"Umeme uliobakia huo," alijisemea, maana mafundi nao wanajua kujidanganya kama watu wengine. Akafunga mlango wa gari, akaenda kunawa mikono. Mafuta yalitoka. Harufu haikutoka: harufu ya nywele zilizolowa maji zikafungiwa mahali siku nyingi bila kukauka.

Jina la Besi hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa kwa sababu ya sauti yake. Akisalimia barabarani, vikombe viliitikia kabatini. Karakana yake ya kufunga redio na spika za magari ilikuwa baraza la nyumba yake mwenyewe, limeezekwa bati, na dirisha la sebule lilitazama hapo hapo. Nyuma ya dirisha alikaa mkewe na cherehani yake. Mteja akileta gari atasikia drili nje na cherehani ndani, na juu ya makelele hayo mawili atasikia la tatu lililoyashinda yote: binti yao wa pekee, mwenye miaka saba, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Na alistahili. Aliamka akiongea, akala akiongea, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini anauliza maswali na kujijibu mwenyewe. Walimpata baada ya miaka tisa ya ndoa, miaka ambayo nyumba ile ilikuwa kimya mpaka ungemsikia mjusi akitembea darini. Ukimya ule ndio kitu ambacho Besi na mkewe walikiogopa kuliko vyote duniani, na mtoto yule ndiye aliyeufukuza.

Sasa pikapu. Mwenyewe alikuwa jamaa aliyeitwa Mtangazaji, kwa kuwa riziki yake ilikuwa kuzunguka mitaani na kipaza sauti mkononi: maji yatakatika, mkutano wa wazazi, duka jipya, mtoto amepotea, fulani amefariki. Spika zilizokuwamo zilikuwa zimechoka hadi aibu. Mara ya mwisho alipotangaza mkutano wa wazazi, nusu ya mtaa walitoka na ndoo wakidhani maji yamerudi. Basi akaileta kwa Besi.

"Fundi, toa takataka zote hizi," alisema akipiga paa kwa kofi. "Nifungie honi mbili juu, spika za milangoni, amplifaya yenye nguvu, na sabufa moja nyuma ya viti. Nataka nikisema neno, mtu alihisi kifuani hata kama yuko bafuni."

"Utawaua watu kwa mshtuko."

"Wakifa nitawatangaza," alijibu Mtangazaji, wakacheka wote wawili.

Kufunga spika ni kazi ya wengi, lakini kutengeneza boksi lake ndiko kunakomtofautisha fundi na mtu mwenye bisibisi tu. Besi alikata mbao mwenyewe, akagundisha, akakaza skrubu mpaka boksi likawa halipitishi hata pumzi. Kisha, kabla ya kufunga, alijaza vitambaa kwenye pembe zote za ndani, maana boksi tupu hufanya sauti isikike kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Vitambaa hivyo alivitoa siku zote kwenye gunia la masalio ya mkewe. Siku hiyo akakuta gunia halina kitu.

"Nimempa yule mama anayeshona mazulia ya mlangoni," alisema mkewe kutoka dirishani. "Subiri kesho, baba Chiriku. Kesho nakata sare za shule, utapata mengi."

Besi hakuwa mtu wa kusubiri kesho. Aliporudi kwenye gari kuung'oa mkeka wa zamani nyuma ya kiti, mkono wake ukagusa kitu laini. Kilikuwa furushi la kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya meno ya mzee, kimesokotwa na kufungwa mafundo saba, moja juu ya jingine. Alifungua sita kwa vidole. La saba likamkatalia, akalikata kwa mkasi. Ndani hakukuwa na kitu. Kitambaa kirefu tu, kizito kuliko kilivyopaswa kuwa, kimeviringishwa juu ya hewa. Alishangaa kidogo kwamba mtu ahangaike kufunga mafundo saba kwa ajili ya kutofunga chochote. Halafu akafanya kama alivyofanya siku zote: akakikata vipande vipande, kwa sababu kitambaa kizima ndani ya boksi hupigapiga na kuharibu besi, akavisokomeza kwenye pembe, akafunga boksi.

Ikabaki kujaribu. Mafundi wengine hujaribu kwa muziki. Besi alikuwa akisema muziki ni mwongo, unaficha kasoro. Ukitaka kujua ukweli wa spika, ipe sauti ya mtu unayemjua. Na hakuna sauti aliyoijua kama ya mwanawe. Kila gari lililopita mikononi mwake lilijaribiwa na Chiriku. Mtoto alirudi kutoka shuleni, akatupa begi, akarukia kiti cha mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Moja, mbili, tatu. Wananchi wote mnatangaziwa kwamba mwalimu wetu leo amevaa soksi mbili tofauti. Mama, usikate kitambaa, sikiliza! Narudia, soksi mbili tofauti!"

Mtaa ukaangua kicheko. Besi alisimama katikati ya barabara na nywele zikamsisimka, kwa sababu katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusikia spika ikitoa sauti namna ile. Haikuwa kubwa tu. Ilikuwa hai. Ungedhani mtoto amesimama karibu na sikio la kila mtu. Kwa majivuno yake akamwacha aongee nusu saa nzima, mpaka mtoto mwenyewe akachoka, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ni jioni hiyo hiyo ndipo alipoweka mkono juu ya spika na kuikuta ikipumua.

*

Asubuhi Mtangazaji alichukua gari lake akaondoka akipiga honi kwa furaha. Chiriku aliamka koo likimkwaruza. Mama yake akampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Siku ya pili sauti ilikuwa mnong'ono. Siku ya tatu alifungua mdomo kuomba chai, na hakikutoka kitu chochote, hata pumzi ya kikohozi. Wakakimbilia zahanati. Tabibu akamulika koo la mtoto mara tatu, akambonyeza shingo, akakuna kichwa.

"Koo hili ni zima kabisa," alisema. "Hana uvimbe, hana wekundu. Hana ugonjwa wowote. Ila sauti hana."

Nyumba ikarudi kuwa ile ya zamani. Cherehani ilinguruma kisha ikanyamaza, na ikinyamaza hakuna kilichojaza nafasi. Chiriku alikuwa akisimama mbele ya kioo amefungua mdomo, akichungulia ndani kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia nyuma ya kabati. Besi alimwona hivyo mara moja akatoka nje, akalia nyuma ya nyumba, mtu mzima yule, ameshika nondo ya dirisha.

Siku ya tano, jua la saa sita likiwa utosini, pikapu ilirudi. Mtangazaji alishuka bila kufunga mlango. Midomo ilikuwa imemkauka, na alipoongea ilibidi Besi amsogelee ili amsikie.

"Fundi, njoo uondoe kitu chako."

"Kitu gani? Na wewe sauti imekwenda wapi?"

"Sijui. Inakwisha. Lakini hilo si neno." Akatazama nyuma, kisha akashusha hata ule mnong'ono. "Leo nimetangaza mkutano wa mtaa. Nikanyamaza kumeza mate. Spika ikaendelea."

"Ikaendelea vipi?"

"Ikacheka. Sauti ya mtoto. Watu wakaanza kuniuliza, huyo mtoto wa nani umempakia? Fundi, nilikuwa peke yangu."

Kabla hata Besi hajauliza mtoto gani, moyo wake ulishamjibu. Akapiga moyo konde, akaingia garini, akafunga mlango. Akang'oa fyuzi. Akatoa waya wa betri. Halafu akafanya ambacho hakuwahi kumfanyia mteja: akakata kwa koleo nyaya zote zinazoingia kwenye boksi, moja baada ya nyingine, mpaka ile spika ikawa mbao na karatasi tu, isiyoweza kusema kitu kama vile kiti kisivyoweza kusema kitu, na joto lilikuwa kali ndani ya gari lakini jasho lililomtoka lilikuwa la baridi, na ile harufu ya nywele mbichi ilikuwa ikijaa taratibu kutoka nyuma ya kiti, ikimpanda puani, ikimkaa ulimini, hadi akataka kufungua dirisha na hakuweza kuinua mkono.

"Baba."

Ilitoka nyuma ya shingo yake.

"Baba, umekuja kunichukua?"

Hakugeuka. Kupitia kioo cha mbele aliweza kumwona Chiriku mwenyewe, barazani, amekaa juu ya ndoo na kuchora ardhini kwa kijiti, midomo imefungwa.

"Huku kumebana, baba. Tuko wengi. Kuna babu anakohoa tu, hasemi. Kuna mama anaomba maji kila saa. Mwenye humu anasema tuendelee kuongea. Nikinyamaza ananibana. Baba, nimechoka kuongea. Baba, nimemaliza yote ninayoyajua."

Besi aliporomoka nje ya gari akaanguka kwa magoti. Mtangazaji alimwinua, na hapo ndipo alipotoa alichokuwa amekificha tangu mwanzo.

"Yule mama mjane aliyeniuzia gari," alinong'ona, "aliniambia nyuma ya kiti kuna furushi lililofungwa na marehemu mumewe. Akasema lisifunguliwe. Mimi nikaona ni mambo ya watu wa zamani, nikasema sawa mama. Nikasahau."

"Ulisahau kuniambia?"

"Wewe hukuuliza."

Besi alimkunja ukosi wa shati, akainua ngumi. Kisha akaishusha. Mkasi ulikuwa wa kwake, na mkono uliokata ulikuwa wa kwake.

*

Mganga waliyemwita alikuja mchana wa siku iliyofuata, kwa baiskeli, mtu mwembamba mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na mbwembwe. Alisimama mbali na pikapu, akaweka kidole mdomoni kuwaonya Besi, mkewe na Mtangazaji, akafunga kinywa chake kwa leso, ndipo akaenda kuweka sikio juu ya boksi. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliporudi uso ulikuwa umempauka. Akawavusha barabara, akawapeleka mpaka nyuma ya ukuta wa jirani kabla hajaifungua leso.

"Kuanzia sasa mtu asiseme neno karibu na gari lile," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini mkusanyaji. Hana hasira. Angekuwa na hasira ningemtuliza. Huyu hana sauti yake mwenyewe, na hawezi kuvumilia kukaa kimya, basi anachukua za watu. Mtu ampe nyingi kwa mara moja, anammaliza haraka. Mtu ampe kidogo kidogo, anammaliza polepole."

"Nusu saa," alisema Besi. "Nilimpa mtoto nusu saa."

Mkewe alimtazama.

"Alifungwa kwa kitambaa kizima," mganga aliendelea. "Mafundo yanafungwa tena, hiyo kazi naijua. Kitambaa kiko wapi?"

"Kimo ndani ya boksi."

"Kizima?"

"Nilikikata. Kizima kinapigapiga, kinaharibu besi."

Mganga alivua miwani akafumba macho. "Ungekiacha kizima, mzee wangu, ningemrudisha ndani leo hii kabla jua halijazama, na mtoto angeomba chakula kwa mdomo wake."

"Nitakishona," alisema mkewe Besi haraka. "Nitoleeni vipande vyote, hata viwe mia. Mimi ni mshonaji. Nitaviunganisha mpaka asijue kilikatwa wapi."

"Mama." Mganga alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Atapita kwenye tundu la sindano. Kila tundu kwake ni mlango."

Mama yule akakaa chini ardhini pale pale, akafunika uso kwa kanga.

Kilichobaki, alisema mganga, ni moto. Boksi litolewe garini lichomwe mchana, na jini ataondoka na kila alichonacho.

"Na sauti ya mtoto?" aliuliza Besi.

"Itaondoka naye. Sitakudanganya. Lakini mkiliacha, atamaliza nyumba hii, kisha mtaa. Wewe mama, umeshaanza kukwaruza, hujisikii?"

Alikuwa amejisikia tangu asubuhi.

"Yule anayeongea mle ndani," Besi aliuliza, na sauti yake iliyotingisha makabati ilikuwa ikitetemeka, "ni mwanangu?"

"Ni sauti yake. Si yeye. Lakini sauti nayo inaogopa."

Mganga akawapa masharti mawili. La kwanza, jini akiona moto atataka kutoka. Lazima mtu akae karibu aongee naye mfululizo, amshughulishe kwa sauti anayoitamani, mpaka kila kitambaa kiwe majivu. Atakayeongea asitegemee kuongea tena. La pili, aliyekwisha kupoteza sauti asiwe karibu, kwa kuwa koo tupu ni nyumba tupu, na jini anayefukuzwa hutafuta nyumba, ya mtoto kwanza.

"Nitaongea mimi," alisema Besi.

"Baba Chiriku..."

"Nimeongea miaka arobaini na miwili, mama Chiriku. Inatosha. Wewe mchukue mtoto umpeleke kwa kaka yako. Mkae ndani, mfunge madirisha."

Nyumba ya shemeji yake ilikuwa mitaa mitatu mbele. Mtangazaji, ambaye sasa alikuwa akiongea kwa ishara tu, alipakizwa kwenye basi akaenda mbali zaidi, kwa dada yake.

*

Kesho yake adhuhuri walilitoa boksi, wakaliweka katikati ya uwanja nyuma ya nyumba, wakalizungushia kuni. Mganga, kinywa chake kimefungwa leso, akawasha moto kisha akarudi nyuma. Besi alikaa kwenye ndoo hatua tatu kutoka pale, akaanza kuongea.

Mwanzo hakujua aseme nini. Akamweleza jinsi anavyokata mbao. Akamweleza gari la kwanza alilofunga redio, la mwalimu wake, na jinsi alivyounganisha nyaya kinyume mpaka kila mara mwalimu akipiga honi taa za ndani zikawaka. Boksi lilisikiliza. Alihisi likisikiliza, kwa maana kila neno lililomtoka lilitoka na kipande cha koo lake, kama mtu anayevutwa uzi kinywani, na sauti yake nzito ikawa inapungua uzito, ikakwaruza, ikakatika, na moto ulipokula ubao wa kwanza na ile harufu ya nywele ikageuka kuwa harufu ya nywele zinazoungua, ndipo sauti ya Chiriku ilipoanza kulia. "Baba, moto. Baba, unaona moto?" Besi akaendelea kuongea, machozi yakimwingia mdomoni. Akamwambia, najua mwanangu, naona, niko hapa hapa, siendi popote, vumilia kidogo tu, na maneno hayo alikuwa hana uhakika anamwambia nani.

Halafu honi zikalia.

Hakuna aliyezifikiria honi. Zilikuwa juu ya paa la pikapu upande wa pili wa nyumba, hazina umeme, hazina waya, na Besi mwenyewe ndiye aliyezifunga, kwa skrubu ndefu na kwa moyo wake wote, ili neno limfikie mtu hata akiwa bafuni. Zikamfikia kila mtu. Mtaa wa kwanza, wa pili, wa tatu, madirisha yakitetemeka, sauti ya mtoto wa miaka saba ikipita juu ya mabati:

"Mama! Mama, naungua! Mama, njoo!"

Mfikirie mama yule. Amekaa chumbani kwa kaka yake, madirisha yamefungwa, binti yake amempakata mapajani, mzima, baridi, midomo imefungwa. Na kutoka nje binti yake huyo huyo anamwita afe naye. Akili ilijua. Miguu haikungoja akili. Alisimama, akamkumbatia mtoto kifuani kwa kuwa hata ndotoni asingemwacha, akatoka mbio, kaka yake akimfuata na kumpigia kelele, akapita mtaa wa tatu, wa pili, wa kwanza, akazunguka nyumba, akatokea uwanjani mbele ya moto na mtoto mikononi.

Besi alimwona. Alisimama akafungua kinywa kupiga kelele, rudi, mrudishe mtoto. Hakikutoka kitu. La mwisho alilokuwa nalo alikuwa ameshalisema.

Moto ulizimika. Haukufifia, ulizimika kwa mara moja, kama taa, na moshi wote ukalala chini. Chiriku alikuwa ametazama majivu, mdomo wazi. Akavuta pumzi ndefu mno kwa kifua kidogo kama kile.

"Mama," alisema.

Ilikuwa sauti yake, safi, haina hata mkwaruzo. Mama yake alipiga ukelele wa furaha akaanguka naye chini, akimbusu macho, pua, shingo. Majirani walikuja mbio wakicheka na kulia. Mganga alitazama kwa mbali. Hakuifungua leso. Alipanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga, na kuanzia siku hiyo akimwona mtu wa nyumba ile alivuka barabara.

*

Besi aliandika kwenye karatasi, Si yeye, akampa mkewe. Mkewe alisoma, akaikunja vizuri, akaitia kwenye droo ya cherehani. Basi Besi akaamini kwamba mkewe hataki kujua, na angemlaumu vipi? Alirudi barazani kufunga redio za watu, kazi ya kimya, wateja wakimwelekeza kwa vidole kana kwamba na masikio yamekufa. Ndani alimsikia mkewe akiongea asubuhi mpaka jioni. Mtoto aliuliza swali moja, mama akajibu kwa maelezo marefu. Mtoto akasema "tena," mama akaanza tena. Na kila siku sauti ya mama ilikuwa nyembamba kidogo kuliko jana.

Siku ya nane, akiwa amelala chali chini ya dashibodi ya gari la mteja, alisikia kutoka sebuleni mwanamume akisema: "Mama Chiriku, leo umependeza, unataka kuniua?"

Ilikuwa sauti yake. Nzito, ile ile, ile ya siku za uchumba wao, na vikombe viliitikia kabatini. Kisha akamsikia mkewe akicheka.

Akaingia ndani na bisibisi mkononi. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, magoti pamoja, mdomo wazi kidogo tu. Mkewe alikuwa kwenye kigoda cha cherehani, mikono mitupu, uso umelowa machozi. Hakushtuka kumwona. Alimtazama mumewe kwa upendo, naye akaelewa kwamba hakuna alichokijua yeye ambacho mkewe hakukijua kabla yake.

"Najua, baba Chiriku," alisema, na ilibidi Besi amsome midomo. "Tangu siku ile ya moto najua. Mama hawezi kukosea mwanawe. Wangu alikuwa anasimulia. Huyu anataka kusimuliwa tu."

Besi alimshika mkono akamvuta kuelekea mlangoni. Hakuvutika.

"Sauti ya mwanetu imo humo," alisema. "Na yako imo. Sasa unataka mimi nibaki huku nje na nani?"

Mtoto aligeuza kichwa akamtazama Besi, bila chuki yoyote, kama mtu anavyotazama sahani aliyokwisha kula. Kisha akamgeukia mama.

"Endelea, mama," alisema kwa sauti ya Chiriku.

Mama alipangusa macho kwa ncha ya kanga, akasogeza kigoda karibu, akaanza kumweleza jinsi siku aliyozaliwa mvua ilivyonyesha tangu alfajiri.